Kusoma Kifiji kwa sauti: mwongozo kamili kwa msomaji wa Kiswahili

Mtu anayeitazama ramani ya Fiji kwa mara ya kwanza hukutana na majina kama Nadi, Beqa, Sigatoka na Cicia, akayasoma kama alivyozoea kusoma, na akayakosea yote manne. Nadi hutamkwa "Nandi", sawasawa na Nandi ya Kenya. Beqa ni "Mbenga", Sigatoka ni "Sing'atoka", na Cicia ni "Dhidhia". Miongozo mingi ya matamshi ya lugha hii imeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, ambao hawana budi kufundishwa jinsi ya kuanza neno kwa mb, nd au ng'. Msomaji wa Kiswahili hahitaji somo hilo hata kidogo, kwa kuwa sauti nyingi zinazowasumbua wageni wengine amezitamka tangu utotoni. Kazi yake kubwa ni ya macho: kuona herufi moja na kukumbuka kwamba Wafiji wameipa sauti nyingine. Ndiyo maana nashauri asipitie Kiingereza kabisa anapojifunza Kifiji, bali atoke Kiswahili moja kwa moja.

Kifiji, ambacho wenyewe hukiita "vosa vakaviti", ni lugha ya wenyeji wa asili wa Fiji, nchi ya visiwa zaidi ya 300 katika Pasifiki ya Kusini, ambayo visiwa vyake viwili vikubwa ni Viti Levu na Vanua Levu. Ni mojawapo ya lugha za Kioseania, tawi la familia kubwa ya Kiaustronesia, na ni ndugu wa Kisamoa, Kitonga, Kimaori na Kihawai. Mwongozo huu unahusu Kifiji sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Bau, kisiwa kidogo kilicho karibu sana na pwani ya mashariki ya Viti Levu. Lahaja nyingine nitazigusa mwishoni.

Hatua ya kwanza: fahamu tahajia ilikotoka

Tahajia ya Kifiji humshangaza mgeni, lakini haikutungwa ovyo. Mwaka 1835 wamisionari wawili wa Kimethodisti, William Cross na David Cargill, walitoka Tonga wakafika Lakeba, kisiwa cha Lau, upande wa mashariki wa Fiji. Awali Wazungu waliandika walivyosikia: mb kwa sauti moja, th kwa nyingine. Tatizo likajitokeza darasani. Katika Kifiji kila konsonanti hufuatwa na irabu, hivyo wanafunzi walipokutana na herufi mbili za konsonanti zilizofuatana, walipachika irabu katikati, na neno likaharibika. Kwao mb ilikuwa sauti moja, na sauti moja ilistahili herufi moja. Wamisionari wakakubali hoja hiyo, wakachukua herufi zilizokuwa hazina kazi na kuzigawia sauti zilizobaki.

Msomaji akiielewa kanuni hii, yaani sauti moja kwa herufi moja, hataona tena herufi c au q kuwa kituko. Tena ni vyema akajua kwamba vitabu na ramani za zamani za Waingereza mara nyingi hazikuifuata tahajia hiyo. Humo ataona "Mbau" na "Thakombau", ilhali Wafiji huandika Bau na Cakobau. Ni kisiwa kilekile, na ni Ratu Seru Epenisa Cakobau yuleyule aliyekuwa miongoni mwa machifu waliotia saini hati ya kuikabidhi Fiji kwa Uingereza tarehe 10 Oktoba 1874.

Hatua ya pili: zoesha macho herufi tano

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na anayeimaliza hatua hii vizuri ataweza kusoma kwa usahihi sehemu kubwa ya maneno ya Kifiji. Herufi zenyewe ni b, d, q, g na c.

Herufi b husomwa mb, kama katika "mbuzi". Salamu maarufu ya Fiji, "bula", ambayo maana yake ni uhai au uzima, hutamkwa "mbula". "Bogi", usiku, ni "mbong'i". "Tabu", yaani kitu kitakatifu au kilichokatazwa, ni "tambu". Na "tabua", jino la nyangumi linalotolewa kwa heshima katika posa, misiba na maafikiano makubwa, ni "tambua". Mji wa Labasa ulioko Vanua Levu ni "Lambasa".

Herufi d husomwa nd, kama katika "ndizi". "Dua", moja, ni "ndua". "Dalo", aina ya magimbi yanayoliwa kila siku, ni "ndalo". "Dina", kweli, ni "ndina". Kisiwa cha Kadavu ni "Kandavu".

Herufi q husomwa ng, kama katika "ngoma". "Waqa", chombo cha baharini, ni "wanga". "Qase", mzee, ni "ngase". "Yaqona", kinywaji cha mizizi kinachojulikana kwingineko kwa jina la kava, ni "yangona". Hakuna u baada ya q hii kama ilivyo katika Kiingereza, na hakuna haja ya kuitafuta.

Herufi g husomwa ng', kama katika "ng'ombe". "Gone", mtoto, ni "ng'one". "Gunu", kunywa, ni "ng'unu". "Siga", siku au jua, ni "sing'a". "Turaga", chifu au bwana, ni "turang'a". Kisamoa nacho huitumia g kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo mji wa Pago Pago wa Samoa ya Marekani ni "Pang'o Pang'o", ilhali Kitonga na Kimaori huandika ng kwa sauti hiyo. Msomaji wa Kiswahili aishike vizuri tofauti ya g na q, maana ndiyo tofauti ya ng' na ng anayoilinda kila siku katika lugha yake, na katika Kifiji haivumilii kuchanganywa.

Herufi c husomwa dh, kama katika "dhahabu". "Cava", nini, ni "dhava". "Uca", mvua, ni "udha". "Cagi", upepo, ni "dhang'i", na hapo c na g zimekutana katika neno moja. "Moce", kulala, ambalo pia ni neno la kuagana, ni "modhe". Wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa wa bara, ambao hutamka dhahabu kana kwamba imeandikwa kwa z. Kwao hatua hii inahitaji nidhamu zaidi: ncha ya ulimi iguse meno ya juu kwa wepesi na pumzi ipite juu yake huku sauti ikitetemeka kooni. Z haimo miongoni mwa sauti za asili za Kifiji, na mtu akiitumia, msikilizaji anaweza kudhani amesikia s. Kosa hilo hubadili maana: "ciwa" ni tisa, na "siwa" ni kuvua samaki kwa mshipi.

Baada ya kuzijua herufi hizo, kuna mambo mawili ya ndani yanayomhusu Mswahili peke yake, na sijaona yakielezwa vya kutosha. La kwanza ni kwamba b, d na g za kawaida za Kiswahili, zile za "baba", "dada" na "gari", hazimo kabisa katika mfumo wa sauti za Kifiji sanifu. Kila uonapo b au d lazima king'ong'o, yaani sauti ya puani kama m au n, kiwepo, hata katika neno la mkopo: "basi", gari la abiria, ni "mbasi". Mwanzoni mwa sentensi king'ong'o hicho huwa chepesi, na wageni wengi hawakisikii, wakaamini kwamba Wafiji husema "bula" tupu. Kipo, na Mfiji hukisikia.

La pili ni silabi. Katika Kiswahili tunazo mb za aina mbili, ijapokuwa tahajia haizitofautishi. Tukisema "mtu mbaya", m ni kiambishi na husimama kama silabi yake yenyewe: m-ba-ya. Tukisema "nyumba mbaya", m na b hutoka kwa pamoja: mba-ya. Kifiji kina hiyo ya pili tu. King'ong'o hakisimami peke yake kamwe wala hakibebi mkazo kama inavyofanya n ya "nchi" au m ya "mbwa". Hivyo Bau isomwe kwa pigo moja, "Mbau", wala si "M-bau".

Zoezi la hatua hii ni jepesi lakini lifanywe kwa kalamu. Nakili majina ya mahali kutoka kwenye ramani ya Fiji, na chini ya kila moja andika matamshi yake kwa tahajia ya Kiswahili. Mamanuca itakuwa "Mamanudha", Gau itakuwa "Ng'au", Qamea itakuwa "Ngamea", Rabi itakuwa "Rambi", Macuata itakuwa "Madhuata". Kisha funika mstari wa chini na usome wa juu kwa sauti. Ukishaweza kusoma orodha nzima bila kusita, tupa mstari wa chini na usiurudie, kwa sababu vibao vya barabarani na kamusi havitakusaidia kwa tahajia ya Kiswahili, na macho yaliyozoea mkongojo huo hukataa kuuacha.

Hatua ya tatu: v, r na dr

Herufi v huwadanganya wengi kwa kuwa inafanana na v yetu. V ya Kiswahili katika "vita" hutamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. V ya Kifiji hutamkwa kwa midomo miwili bila meno. Anza na w ya "wali", kisha sogeza midomo karibu zaidi hadi pumzi ianze kukwaruza kidogo inapopita, bila kuifunga kabisa. Wasemaji wa Kikikuyu wanayo sauti hii, wanaiandika b, na Wangazija wa Komoro wanayo pia. Wengine wafanye mazoezi kwa "vinaka", neno la shukrani na la kusifu kitu kizuri, na kwa "vosa", usemi. Wajihadhari wasiilegeze mpaka ikawa w, kwa sababu "vale" ni nyumba na "wale" ni bure au tu.

Herufi r ni kimadende, ulimi ukipigapiga ufizi, kama r iliyo wazi ya Kiswahili. Anayechanganya r na l aliangalie hili mapema: "rua" ni mbili, na Kifiji huzitenganisha r na l bila huruma.

Dr huandikwa kwa herufi mbili, lakini ni sauti moja. Ni nd inayoishia kwenye r ya kimadende, karibu na ile ya jina Andrea likitamkwa kwa nguvu, isipokuwa mwisho wa silabi iliyotangulia hauachwi n: "yadra", kuamka, ni "ya-ndra", si "yan-dra". "Ni sa yadra" ndiyo salamu ya asubuhi. "Drua" ni jahazi kubwa la Kifiji lenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, na ndilo jina lililochukuliwa na timu ya raga ya Fijian Drua. Mkoa wa Nadroga ni "Nandrong'a", na Cakaudrove ni "Dhakaundrove". Kama r haitoki baada ya nd, anza polepole kwa kurudia "ndara, ndara, ndara" ukifupisha a ya kwanza kila mara hadi itoweke.

Hatua ya nne: herufi zilizobaki

Herufi k, t na p hutamkwa bila mpumuo, yaani bila pumzi kufoka baada yake. Wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaoitenganisha kaa la moto na kaa wa baharini watumie k ya kaa la moto. P, f na j zimo zaidi katika maneno ya mkopo na majina, kama "Pita" na "Jone", na j hukaribia ch ya Kiswahili isiyo na pumzi nyingi, hivyo "jaina", ndizi, husikika kama "chaina". T ikifuatwa na i, wasemaji wengi huielekeza kwenye ch, kwa hiyo Viti, jina ambalo wenyewe huiita nchi yao, huenda ukalisikia likiwa karibu na "Vichi". Mwanafunzi anayeanza anaweza kubaki na t yake bila kueleweka vibaya. Herufi nyingine zote, yaani l, m, n, s, w na y, zisomwe kama za Kiswahili.

Hatua ya tano: urefu wa irabu na mkazo

Irabu ni zetu tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa kama zetu. Tofauti ni kwamba kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu hubadili maana. "Dredre" yenye irabu fupi ni kucheka. "Drēdrē" yenye irabu ndefu ni jambo gumu. "Kila" ni kujua, na "kilā" ni kukijua kitu fulani. Kamusi na vitabu vya masomo huweka kistari juu ya irabu ndefu, lakini magazeti, barua na vibao havikiweki. Wafiji hawakihitaji, kwa kuwa muktadha huwatosha. Mgeni anakihitaji sana, na ushauri wangu ni kwamba kila neno jipya alijifunze pamoja na urefu wake na aliandike kwa kistari katika daftari lake, hata kama alilipata mahali lilipoandikwa bila kistari.

Kuhusu mkazo, Mswahili ana bahati ambayo ni lazima aitumie. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kifiji nacho huhesabu kutoka mwisho, ila kinahesabu vipande vya irabu: irabu fupi ni kipande kimoja, irabu ndefu ni viwili, na irabu unganifu kama ai, au, ei na ou nazo ni viwili. Mkazo huwa kwenye kipande cha pili kutoka mwisho. Kanuni hii inaonekana ngumu mpaka uandike irabu ndefu kwa herufi mbili, kama tunavyofanya katika "kaa" na "choo", kisha uisome kwa mkazo wa Kiswahili. Hapo kila kitu kinakaa mahali pake chenyewe. "Vinaka" ni vi-NA-ka. "Labasa" ni la-MBA-sa. "Tabua" ni ta-MBU-a. "Kilā" ukiiandika "kilaa" utaisoma ki-LA-a, na ndivyo inavyotakiwa. "Tulou", neno la kuomba radhi unapopita mbele ya watu walioketi au unapochukua kitu kilicho juu ya kichwa cha mtu, ni tu-LO-u. Hata gari, ambalo Kifiji huliita "motokā" kutoka asili ileile ya Kiingereza iliyotupa sisi "motokaa", hupata mkazo palepale tunapouweka sisi.

Jambo moja zaidi kuhusu urefu. Neno lenye maana kamili haliwi na irabu moja fupi peke yake. Kwa hiyo "vā", nne, na "cā", baya, ni ndefu daima, hata zikiandikwa bila kistari, na mji wa Ba ulioko magharibi mwa Viti Levu ni "Mbaa". Vijineno vya sarufi kama "na", "ni", "o" na "sa" ndivyo vinavyoruhusiwa kuwa vifupi, navyo hutamkwa vikiegemea neno linalofuata.

Hatua ya sita: hesabu mpaka kumi

Namba ni zoezi zuri kuliko orodha yoyote ya kutungwa, kwa sababu zinakusanya sauti nyingi kwa mfululizo mfupi na hutumika kila siku. Zisome kwa sauti: dua, rua, tolu, vā, lima, ono, vitu, walu, ciwa, tini. Ukitumia kanuni za hapo juu utasema "ndua, rua, tolu, vaa, lima, ono, vitu, walu, dhiwa, tini", ukikumbuka v ya midomo miwili katika nne na saba. Mia moja ni "dua na drau", yaani "ndua na ndrau".

Anayejua Kimalagasi, au Kibushi kinachosemwa Mayotte, atasikia kitu cha kawaida humo. Kimalagasi husema roa kwa mbili, telo kwa tatu, dimy kwa tano, enina kwa sita, fito kwa saba, valo kwa nane na sivy kwa tisa. Kimalagasi si lugha ya Kioseania, lakini ni ya familia hiyohiyo ya Kiaustronesia, iliyoletwa Bahari ya Hindi na mabaharia waliotoka upande wa Indonesia. Jiwe ni "vatu" kwa Kifiji na vato kwa Kimalagasi, na mwezi ni "vula" huku na volana kule. Nayataja haya kwa sababu yanasaidia kukumbuka, na kwa sababu inafaa wakazi wa pwani yetu wajue kwamba jamaa wa lugha hii wanaishi jirani zao ng'ambo ya Mlango-Bahari wa Msumbiji.

Hatua ya saba: salamu na kujitambulisha

Sasa unganisha sauti katika sentensi. "Ni sa bula vinaka", yaani "ni sa mbula vinaka", ni salamu ya heshima. "Ni" hapa ni ninyi, na hutumika pia kwa mtu mmoja anayestahili heshima, kwa hiyo mgeni aitumie kwa kila mtu mzima asiyemzoea. Ndiyo ni "io", hapana ni "sega", yaani "seng'a", na ahsante sana ni "vinaka vakalevu". Kuuliza jina kwa adabu husemwa "O cei na yacamuni?", nayo husomwa "O dhei na yadhamuni?" Jibu ni "Na yacaqu o Juma", yaani "Na yadhangu o Juma". Msomaji ataona kwamba kiambishi cha kwangu, "-qu", kinasikika kama "-ngu" ya "jina langu". Kiswahili na Kifiji si ndugu, ni sadfa tu, lakini sadfa hiyo itamsaidia kukumbuka "tamaqu", baba yangu, na "tinaqu", mama yangu. "Na" iliyo mbele ya nomino haina uhusiano na "na" yetu. Ni kitangulizi cha nomino za kawaida, kama "o" ilivyo kitangulizi cha majina ya watu na ya mahali.

Ukialikwa kwenye kikao cha yaqona, maneno machache yatakutosha. Mikono iliyokunjwa kama kikombe hupigwa kwa kofi zito liitwalo "cobo", yaani "dhombo". Unapokea kikombe, "bilo", yaani "mbilo". Unasema "bula" na kunywa chote kwa mara moja. Na walioketi husema "maca", yaani "madha", kuonyesha kwamba kimekwisha. Maneno haya manne yana b na c kwa zamu, na atakayeyasema sawasawa atakuwa ameonyesha heshima inayotambulika pale pale.

Hatua ya nane: majina marefu

Majina ya Kifiji huogopesha kwa urefu, hasa kwa watangazaji wa raga. Kenya na Fiji zimekutana mara nyingi katika raga ya wachezaji saba, na mnamo Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, miezi michache kabla ya Fiji kutwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio de Janeiro. Itakuwa heshima ikiwa majina ya wapinzani hao yatatamkwa vizuri kwenye redio na televisheni zetu.

Njia ni kulikata jina kabla ya kulisoma. Tafuta kwanza "ni", ambayo mara nyingi ni kiunganishi chenye maana ya "ya" au "cha", kisha uzisome sehemu mbili zilizobaki. Waqaniburotu ni waqa ni Burotu, chombo cha Burotu, kisiwa cha peponi katika masimulizi ya Wafiji; hutamkwa "Wanganimburotu", mkazo ukiwa kwenye ro. Caucaunibuca ni "Dhaudhaunimbudha". Mengine hayana "ni" na husomwa silabi kwa silabi: Radradra ni "Randrandra", Nadolo ni "Nandolo", Botia ni "Mbotia", na Rabuka, jina la Sitiveni Rabuka aliyewahi kuwa waziri mkuu katika miaka ya 1990 na akarudi madarakani mwaka 2022, ni "Rambuka". Cheo cha Ratu, cha machifu wa kiume, hakina ugumu. Cheo cha wanawake, Adi, ni "Andi". Majina ya Biblia nayo yamefuata tahajia ya nchi: Timotheo ni Timoci.

Kanuni hizi zisitumiwe kwa kila jina lililoko Fiji. Sehemu kubwa ya raia ni wazawa wa Wahindi waliopelekwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa kuanzia mwaka 1879, na majina yao kama Prasad na Chaudhry yasomwe kwa matamshi yake ya Kihindi. Watu wa kisiwa cha Rotuma nao wana lugha yao ya Kioseania yenye tahajia tofauti.

Hatua ya tisa: sikiliza, kisha zoea lahaja

Shirika la utangazaji la Fiji lina idhaa ya Kifiji, Radio Fiji One, nayo inafaa kwa zoezi hili. Usianze kwa kujaribu kuelewa. Sikiliza taarifa ya habari ukiwa na orodha yako ya majina ya mahali, na uweke alama kila unapolisikia mojawapo. Baadaye chukua matini fupi iliyoandikwa, uisome kwa sauti na kujirekodi, kisha uikague kwa mambo matatu tu: king'ong'o katika b na d, v ya midomo, na urefu wa irabu. Kwa msemaji wa Kiswahili makosa mengi hubaki humo.

Ukisafiri utakuta kwamba watu hawazungumzi kama kamusi. Kwa wengi wa Cakaudrove k hupotea na nafasi yake kuchukuliwa na mkato wa pumzi kooni. Magharibi mwa Viti Levu, kuanzia Nadroga hadi Ba, lahaja hutofautiana na Kibau kiasi kwamba hata salamu hubadilika, na badala ya "bula vinaka" utasikia "cola vina". Ukiisoma c yake kama inavyostahili, utajibu "dhola vina" na kuendelea na mazungumzo kwa Kifiji sanifu, ambacho kinaeleweka huko pia kwa sababu ndicho kinachosikika shuleni, kanisani na redioni.